Kupenda, Kutaka, Kuchagua: Historia ya Maneno Matatu Kandokando ya Ziwa Tanganika



Verbo kupenda ni neno la kila siku. Mutoto anapenda ugali na ndagala. Fundi anapenda kwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Musichana anapenda muvulana. Mukristu anapenda Mungu kupita vitu vyote. Neno ni lile lile, lakini mambo ni mane: ladha ya kinywa, shauri la kusafiri, mapendo ya moyo, na fazila ya kimungu. Mafratri wetu wanaojifunza kingereza wanashangaa wakiona ya kama Waingereza wanagawanya kazi hiyo kati ya maneno mengi. Verbo yao 'like' ni ya kitu kinachopendeza tu, 'want' ni ya kutaka, 'love' ni ya mapendo, na 'prefer' ni ya kupenda kimoja kupita kingine. Ndipo wanapouliza: je, kiswahili chetu ni masikini?

Tunajibu: hapana. Lakini jibu hilo halitoshi pasipo kuonyesha sababu zake. Katika kurasa hizi tunataka kufwata historia ya maneno matatu, kupenda, kutaka na kuchagua, ginsi yalivyofika huku kwetu Kalemie, Mpala na Moba, na ginsi Eklezya ilivyoyatumia. Si mambo ya sarufi tu. Juu ya neno moja lisilofahamika vizuri, ndoa inaweza kusimama ao kuanguka, na watu wa muji mumoja wanaweza kupatana ao kugombana.

I. Lugha za jirani zetu

Tuanze kwa kutazama jirani. Mutu wa Kinshasa anayesema lingala anatumia verbo moja, kolinga, kwa kutaka na kwa kupenda. Mukongo wa Bas-Congo anatumia zola kwa mambo yale mawili. Muluba wa Kasai anasema kusua, na neno hilo ni la kutaka na la kupenda pia. Muspania, ambaye hakuishi karibu nasi hata siku moja, anafanya vilevile na verbo yake querer. Basi si jambo la Afrika peke yake. Ni jambo la mutu: moyo unaopenda kitu unakitaka, na lugha nyingi zimeona mambo hayo mawili kama shina moja.

Warundi na Wanyarwanda wametenga: gukunda ni kupenda, gushaka ni kutaka. Kiswahili kinafanana nao: kuna kupenda na kuna kutaka. Lakini mupaka kati ya maneno hayo mawili haukuwekwa kwa ukuta. Tunasema: "Mungu akipenda, tutaonana kesho." Hapo hatusemi ya kama Mungu ataonja furaha juu ya safari yetu. Tunasema: Mungu akitaka, akiruhusu. Tunasema tena: "Upende usipende, kodi utalipa." Hapo kupenda ni kutaka kwa nia. Kilatini kina maneno yaliyojengwa karibu vilevile: nolens volens, asiyetaka, anayetaka. Na tunaposema mapenzi ya Mungu, ni utashi wake, si hisia yake.

Na kingereza chenyewe kilikuwa namna ingine zamani. Verbo 'like' ya leo ilitoka katika neno la kale lililokuwa na maana ya kupendeza. Watu wa wakati ule hawakusema "mimi napenda kitu". Walisema "kitu kinanipendeza mimi". Kitu ndicho kilichofanya kazi, mutu alipokea. Hata katika siku za Shakespeare namna ile haikuwa imekwisha. Sisi tungali na namna hizo mbili, kila moja kwa kazi yake: "Nguo hii inanipendeza" na "Napenda nguo hii". Ndiyo sababu tunasema ya kama kiswahili si masikini. Kiko na mali yake, lakini sherti mutu ajue pahali ilipowekwa.

II. Kiswahili kilifika namna gani kandokando ya ziwa

Kiswahili hakikuzaliwa Kalemie. Kilifika kwa njia ya biashara. Wafanya biashara wa Pwani na wa Unguja walipita Tabora mpaka Ujiji, na wakati Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa pili wa mwaka wa 1858, walikuta watu hao wamekwisha kuijua njia. Toka Ujiji mitumbwi ilivuka ziwa mpaka ngambo yetu, na pahali pamoja pa kushukia palikuwa Mtowa, upande wa kaskazini wa Kalemie ya leo. Kisha misafara iliendelea mpaka Manyema, Kasongo na Nyangwe, kutafuta pembe na watumwa. Lugha ya njia ile ilikuwa kiswahili. Tusifiche: maneno yetu mengi mazuri yalisafiri pamoja na minyororo.

Wamisionere wa Kardinali Lavigerie, tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwezi wa kwanza wa 1879. Ngambo hii ya magaribi waliweka misioni Mulweba mwaka wa 1880, na Kibanga mwaka wa 1883. Mwaka ule ule wa 1883 Kapiteni Storms, Mubeleji, alijenga boma la Mpala. Mwaka wa 1885 boma lile na lile la Karema yakatolewa kwa wamisionere. Kapiteni Joubert alifika mwaka wa 1887 kulinda watu juu ya wawinda watumwa. Askofu Roelens, aliyefika mwaka wa 1892, akajenga Baudouinville, ndiyo Moba-Kirungu ya leo.

Misioni zile za kwanza zilikusanya watoto waliokombolewa kwa wauza watumwa. Watoto wale hawakuwa wa kabila moja. Kulikuwa wa Manyema, wa Urua, wa Marungu, wa Ubembe, wa ngambo ingine pia. Kila mumoja alikuja na neno la mama yake kwa kupenda na kutaka. Lugha iliyoweza kuwaunganisha ilikuwa kiswahili, lugha ya njia ile iliyowaleta. Hapo ndipo neno kupenda lilipopewa kazi mupya. Neno lililotumiwa sokoni kwa kuchagua pembe na nguo likaanza kutumiwa kwa kumusifu Mungu, na mutoto aliyeuzwa akasikia kwa neno lile lile ya kama kuna Baba anayemupenda. Tunaona ya kama jambo hili ni kubwa katika historia ya lugha yetu, na halikuandikwa sana.

Ni katika shamba hilo Stefano Kaoze alipokomaa. Alisoma katika shule za misioni za Mpala na Lusaka ya Marungu, na tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917 Askofu Roelens alimupa upadri kule Baudouinville, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Mbele ya kupata upadri alikwisha kuandika kwa kifaransa juu ya roho ya watu wake, katika maandiko yaliyoitwa La psychologie des Bantu, yaliyotoka mwaka wa 1910 na 1911. Wakati ule wageni wengi waliandika ya kama mweusi anafwata tamaa tu. Mutoto wa Marungu akachukua kalamu kueleza mwenyewe moyo na akili ya watu wake. Tunaposhugulika leo na maneno ya moyo, tunapita katika njia aliyoianza yeye.

III. Penda na wazao wake

Tutazame sasa neno lenyewe. Shina ni -penda, nalo limezaa jamaa kubwa: kupendwa, kupendana, kupendeza, kupendezwa, kupendekeza, kupendelea. Tena majina: mpenzi, mpendwa, mapenzi, mapendo, upendo, upendano, upendeleo. Herufi d inageuka z katika mpenzi na mapenzi, kama vile kulinda kunavyozaa mulinzi.

Majina matatu ya mapenzi, mapendo na upendo yanatoka katika shina moja, lakini historia imeyatenga. Pwani, mapenzi yalielekea mambo ya mume na muke, ingawa mapenzi ya Mungu yalibaki na maana ya utashi wake. Ndugu zetu wa Tanzania katika mazungumzo wanapenda kusema upendo. Sisi wa Kongo tumeshika mapendo. Katika katekismo fazila tatu za kimungu zinaitwa imani, matumaini na mapendo. Na Padri Placide Tempels, Mufransisko, aliyeandika La philosophie bantoue mwaka wa 1945, alipoanzisha Jamaa kati ya wafanyakazi wa Kolwezi katika miaka ya 1950, mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Eklezya ilipata mashaka makubwa na vikundi vingine vya Jamaa kisha. Lakini hakuna anayeweza kukana ya kama neno mapendo lilipata uzito katika Katanga yote kwa njia ile.

Pamoja na penda, wafanya biashara wa Ujiji walituletea maneno ya asili ya kiarabu, na haya yanatusaidia sana kufahamu maana ya kuchagua. Hiari ni neno la mutu anayetenda pasipo kushurutishwa. Katika kiarabu shina lake ni moja na lile la heri, ni kusema wema. Basi kuchagua kwa hiari ni kushika kile kilicho chema zaidi. Afadhali, ao afazali kama tunavyosema huku, ni ya shina moja na fazila na tafadhali: kitu kinachopita kingine kwa wema. Kutamani ni kutaka kwa hamu, na mara nyingi kwa kitu kisicho chetu. Kukubali ni kupokea neno la mwingine. Kuridhia ni kukubali kwa moyo uliotulia.

Na kwa upande wa kibantu tuko na kuchagua, kutenga kimoja kati ya vingi, na kuteua, kuchagua kwa uangalifu mutu wa kazi fulani. Wazee wa Pwani wanaonya: mchagua nazi hupata koroma. Anayechagua sana anaishia na nazi isiyokomaa. Lakini wanasema tena: kipendacho moyo ni dawa. Mezali hizi mbili hazipigani. Ya kwanza inakataza ulafi wa macho, ya pili inaheshimu haki ya moyo.

Kwa kulinganisha, watu wa mashariki wanasema "napenda hiki kuliko kile". Huku tunasema mara nyingi "napenda hiki kupita kile". Maneno ni mawili, kazi ni moja. Waebrania wa kale hawakuwa na namna nyepesi hiyo. Walipotaka kusema mutu anapenda mumoja kupita mwingine, waliweza kusema: anapenda huyu na kuchukia yule. Kumbukumbu la Sheria, sura ya 21, linasema hivyo juu ya mume mwenye wake wawili. Malakia anasema hivyo juu ya Yakobo na Ezau, na Mutakatifu Paulo anarudilia neno lake katika barua kwa Waroma. Ndiyo sababu Evanjili ya Luka, sura ya 14, inaonekana kuamuru mutu achukie baba na mama, wakati Matayo, sura ya 10, anaeleza jambo hilo kwa njia ya kulinganisha: asipende wazazi kupita Bwana. Katekista asiyejua jambo hili anaweza kuvunja mioyo ya watoto kwa kuwafundisha chuki pasipo kutaka.

IV. Kilatini cha Eklezya

Kilatini, lugha tuliyojifunza katika seminari, kina maneno mengi hapa. Amare ni kupenda kwa jumla. Velle ni kutaka. Malle ni kutaka zaidi, kwani neno hilo linaunganisha magis na velle. Praeferre ni kubeba mbele: kitu ninachokipendelea nakiweka mbele ya vingine. Na diligere limetoka katika legere, kuokota, kuchagua. Anayesema diligo anasema: nimekuchagua kati ya wengi, na kwa hiyo nakupenda.

Mutakatifu Toma wa Akwino alilitazama neno hilo katika Summa, sehemu ya pili, swali la 26. Anafundisha ya kama dilectio inaongeza kitu juu ya amor: kuna uchaguzi uliotangulia. Kwa hiyo dilectio haipatikani katika tamaa ya mwili peke yake. Ni kazi ya utashi wa kiumbe mwenye akili. Katika swali lile lile anafwata Aristoteli na kusema ya kama kupenda ni kumutakia mwingine mema. Tutazame vizuri: katika mafundisho hayo kupenda, kutaka na kuchagua yanakutana.

Mufano unaojulikana zaidi ni ule wa Yezu na Petro kandokando ya ziwa, Yoane sura ya 21. Katika kigriki Bwana anauliza mara mbili kwa verbo agapan, na mara ya tatu kwa philein. Petro anajibu mara zote tatu kwa philein. Vulgata ilifwata: diligis, diligis, kisha amas, na Petro anajibu kwa amo. Kiswahili kinatumia kupenda mara zote. Walimu hawapatani kama Yoane alitaka kutofautisha maneno hayo mawili ao alibadilisha tu kwa uzuri wa usemi. Lakini hata kama kiswahili kimepoteza tofauti ya neno, hakikupoteza maana, kwani kila mara kisha jibu Bwana anatoa kazi: chunga kondoo. Mapendo yanajulikana kwa kazi iliyokubaliwa.

V. Kupenda mbele ya altare

Sasa tufike pahali ambapo neno hili linaweza kuokoa ao kupoteza watu. Rituale ya Roma ya mwaka wa 1614, iliyotumika katika misioni zetu kwa miaka mingi, haikumuuliza bwana arusi: "unamupenda?" Ilimuuliza kwa verbo velle: unataka kumupokea huyu kuwa muke wako wa halali? Naye alijibu: Volo, nataka. Kitabu cha sheria za Eklezya cha 1917, na kile cha 1983 katika kanuni 1057, vinafundisha jambo lile lile: ndoa inafanywa na mapatano ya wawili, na mapatano hayo ni tendo la utashi. Konsilio la pili la Vatikano, katika Gaudium et spes ya mwaka wa 1965, halikuondoa jambo hili, bali lilieleza uzuri wa mapendo ya mume na muke na kusema ya kama yanatoka kwa mutu kwenda kwa mutu kwa njia ya utashi. Na utaratibu mupya wa ndoa wa mwaka wa 1969 ukatia katika ahadi ya wachumba verbo diligere, ile ya kupenda kwa kuchagua.

Katika kiswahili mutu anajibu mara nyingi "napenda". Neno ni zuri, lakini lina milango miwili. Kwa mulango wa kwanza, napenda ni kusema: ananipendeza. Kwa mulango wa pili, napenda ni kusema: nataka kwa nia yangu yote, kama vile tunavyosema "Mungu akipenda". Kijana aliyeingia kwa mulango wa kwanza anaweza kurudi kwa padri kisha miaka mitatu na kusema: "Sipendi tena." Anafikiri ya kama ndoa imekwisha, kwani ladha imekwisha. Yule aliyeingia kwa mulango wa pili anajua ya kama furaha inaweza kulala kama upepo juu ya ziwa, na neno alilolitoa linabaki.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Musichana anayeulizwa mbele ya wajomba, wakati mali imekwisha kupokelewa na siku imekwisha kutangazwa, anaweza kusema "napenda" pasipo kutaka. Kinywa kimekubali, moyo haukuchagua. Mapatano ya namna ile, kama kuna shurti kubwa ao woga mukubwa, hayafanyi ndoa mbele ya Eklezya. Sheria ya jamaa ya inchi yetu ya tarehe 1 ya mwezi wa nane 1987 inadai vilevile ya kama kila mumoja wa wachumba akubali yeye mwenyewe. Mali ni desturi ya heshima ya babu zetu. Inaunganisha jamaa mbili, wala hatuikatazi. Lakini mali hainunui hiari. Katika inchi hii, ambapo watu waliuzwa Ujiji na Mtowa, tunajua kupita wengine thamani ya mutu aliyechagua mwenyewe.

Kwa hiyo, padri anapofanya mazungumzo ya mbele ya ndoa na kila mumoja peke yake, asitosheke na neno moja. Aulize: "Anakupendeza?" Tena aulize: "Unamutaka kuwa wako mpaka kufa?" Tena aulize: "Ni wewe uliyemuchagua, ao wamekuchagulia?" Na kama wazazi walimuchagulia, aulize: "Wewe umeridhia?" Wakati ule ataona ya kama kiswahili kina maneno yote tunayohitaji.

VI. Upendeleo

Kunabaki neno moja katika jamaa ya penda, na ndilo linaloleta taabu katika miji yetu: kupendelea. Kwa asili si neno baya. Ni kupenda kwa kuelekea mutu ao kitu, kupenda zaidi. Lakini jina lake, upendeleo, limekwisha kuharibika kinywani mwa watu. Tukisema mukubwa fulani ana upendeleo, tunamushitaki: ametoa kazi kwa ndugu yake, ameweka mutoto wa kijiji chake mbele ya aliyeshinda mitihani. Kingereza kinajua jambo hilo: verbo 'prefer' zamani ilitumiwa pia kwa kumupandisha mutu cheo. Kitabu kitakatifu kinaliita kupokea nyuso za watu, na Barua ya Yakobo, sura ya 2, inalikemea katika kusanyiko lenyewe la wakristu, wakati tajiri anapopewa kiti kizuri na masikini anaachwa amesimama.

Historia yetu imeonyesha ubaya wake. Mwaka wa 1960, katika mwezi wa tano, watu wa Albertville walifanya uchaguzi pamoja na Kongo yote. Neno kuchagua, lililokuwa la soko na la arusi, likawa neno la inchi. Lakini mara moja kati ya vyama viwili, Balubakat na Conakat, kuchagua kulianza kuwa kuhesabu makabila. Katanga ya kaskazini ikamwaga damu nyingi, na Jason Sendwe, mukubwa wa Balubakat, aliuawa hapa Albertville mwezi wa sita 1964. Na katika provensi yetu ya Tanganika, iliyotengwa na Katanga mwaka wa 2015, vita kati ya Batwa na Baluba vilivyoanza karibu 2013 viliwaka zaidi toka mwaka wa 2016. Watu wengi wa Nyunzu, Manono na kwingine walikimbia, na vibanda vya wakimbizi vikajaa pembeni ya muji wa Kalemie. Pahali penye watu wa namna ile, kila gunia la unga lina swali lake: nani aandikwe kwanza? Na kila anayeandika majina anaangaliwa: anapenda nani? Wazee wanasema, ukipenda, chongo huita kengeza. Anayempendelea mutu wake haoni kilema chake, wala haoni njaa ya mwingine.

Lakini hapa Eklezya inasema neno linaloonekana kupinga. Maaskofu wa Amerika ya Kusini, waliokusanyika Puebla mwaka wa 1979, walisema ya kama Eklezya sherti ichague masikini kwa kuwapendelea. Papa Yoane Paulo wa Pili, katika barua Sollicitudo rei socialis ya mwaka wa 1987, alitumia neno hilo pia, akaliita uchaguzi ao mapendo ya kupendelea masikini. Namna gani tulitie katika kiswahili? Tukisema "upendeleo kwa masikini", watu watasikia: tazama, padri naye ana watu wake.

Tunafikiri jibu liko katika mama. Mama ana watoto watano, na mumoja ana homa. Usiku anamubeba yule mugonjwa, anamupa maziwa ya kwanza, na wale wanne hawasemi ya kama ana upendeleo. Wanajua: kesho, homa ikinishika mimi, nitabebwa hivyo. Upendeleo mubaya unatazama uso, damu na kabila la mutu. Mapendo ya kuchagua yanatazama haja yake. Mumoja anauliza: huyu ni mutu wa nani? Mwingine anauliza: huyu anakosa nini? Ndiyo sababu tungependa kusema "kutanguliza masikini" ao "kuchagua masikini kwanza", na kuacha upendeleo kwa maana yake ya kukemea, kwani watu wamekwisha kuipokea maana ile na hatuwezi kuwanyanganya.

VII. Mambo matatu ya kushika

Kwa kumaliza, tunatoa mashauri matatu kwa ndugu zetu mapadri, mafratri na makatekista.

La kwanza: tusihukumu kiswahili kwa kipimo cha kifaransa ao cha kingereza. Lugha yenye kupenda, kutaka, kutamani, kuchagua, kuteua, kupendelea, kukubali, kuridhia, hiari na afazali haikosi maneno. Anayekosa ni yule anayetumia moja tu kwa yote.

La pili: katika mahubiri na katekismo, tueleze kila mara mulango gani wa kupenda tunaoupita. Tukifundisha amri kubwa, tuseme wazi ya kama kupenda adui si kuona utamu kwake. Hakuna anayeweza kuamuru utamu. Ni kumutakia mema, na jambo hilo utashi unaweza kulifanya hata moyo ukiwa na uchungu. Kati ya Mutwa na Muluba waliozika watu wao, hili ndilo neno peke yake tunaloweza kulitoa pasipo kuwadanganya.

La tatu: mahali popote tunapoandika majina ya watu, katika shule, katika hospitali, katika kugawa chakula, tujiulize mbele ya Mungu kama tunachagua kwa haja ao kwa uso. Watu watajua maana ya mapendo kwa orodha ile kupita kwa mahubiri yetu.